USBasp, ST-Link au Pico? Ulinganisho wa vifaa vya kuflashi kwa fundi aliye Lamu

Ukiingia dukani Luthuli Avenue kule Nairobi kutaka kifaa cha kuflashi maikrokontrola, yaani kuandika programu ndani ya chipu, muuzaji atakuuliza unataka kuandikia chipu gani. Swali zuri, ila halitoshi. Kuna la pili ambalo huenda hataliuliza: kwenye kompyuta yako una programu gani, na je, programu hiyo inakitambua kifaa hicho? Aliye Nairobi akikosea anarudi dukani mchana uleule. Sisi wa Lamu mzigo hupanda basi mpaka Mokowe, ukavuka kwa boti, na ukishafika ndipo mtu agundue kuwa kompyuta haikioni. Ndiyo maana hapa napima kila kifaa kwa jambo moja: kinakubaliwa na programu ngapi, na moja ikikataa, nitapata njia nyingine bila kuagiza kitu upya?

Msimamo wangu nautoa mapema, asiye na muda aishie hapa. Kwa chipu za AVR, kama ile ya Arduino Uno, nunua USBasp moja na adapta moja ya USB kwenda seria. Kwa chipu za ARM, yaani STM32, RP2040 na wenzao, anza na Raspberry Pi Pico, bodi ndogo inayoweza kugeuzwa kuwa kifaa cha kuandikia. ST-Link ya bei nafuu, kifaa cha kuandikia STM32, ifuate baadaye. Kwa chipu za PIC, usinunue kifaa cha PICkit 3 leo hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Chipu ya ESP32 haihitaji kifaa maalumu. Anayetaka sababu aendelee.

AVR

Programu ya kushika ni avrdude. Ilianzishwa na Brian Dean kwenye FreeBSD, na mpaka leo ndiyo inayofanya kazi kimyakimya ukibonyeza kitufe cha kupakia kwenye Arduino IDE kwa bodi ya Uno au Nano. Uzuri wake ni kwamba vifaa na chipu zote inazozijua zimeandikwa kwenye faili moja, avrdude.conf, unaloweza kulifungua na kulisoma. Ukitaka orodha ya vifaa, andika:

avrdude -c '?'

Itateremka orodha ndefu: usbasp, usbtiny, avrispmkII, atmelice, stk500v1, serialupdi na wengine. Jina la kifaa unachotaka kununua likiwemo humo, una pa kuanzia. Tena programu yenyewe ni ndogo, bando la siku linatosha. Asiyependa amri za kuandika kuna AVRDUDESS ya Zak Kemble, ambayo ni dirisha la kubonyeza tu. Ndani yake ni avrdude ileile.

USBasp ilibuniwa na Thomas Fischl akaitoa michoro na programu yake bure, ndiyo sababu kila kiwanda kinaitengeneza na bei yake iko chini. Ila uhuru huo umeleta vurugu. Kuna nakala zinazofanana nayo kama pacha, jina limechapwa juu yake, lakini ndani zimewekewa programu nyingine inayojitambulisha kwa kompyuta kama kibodi au kipanya. Hizo kwenye Windows hazitaki draiva, zinafunguka moja kwa moja na programu iitwayo ProgISP, na mnunuzi hufurahi. Akija kwenye avrdude, hakuna kitu. Tofauti inaonekana kwa namba. Kwenye Linux andika lsusb. USBasp ya kweli itasoma hivi:

16c0:05dc

Ile nyingine husoma 03eb:c8b4. Kwenye Windows namba hizohizo ziko Device Manager, chini ya maelezo ya kifaa. Ninapoagiza kutoka mbali humwomba muuzaji akichomeke kifaa kwenye kompyuta yake, apige picha ya namba, anitumie WhatsApp kabla sijatuma pesa. Wanaojua biashara hawakasiriki.

Kwenye Windows, USBasp ya kweli hudai draiva, na njia rahisi ni Zadig. Ni faili moja dogo lisilohitaji kusakinishwa. Liweke kwenye flashi uwe nalo siku mtandao unapokwenda zake. Kwenye Linux tatizo huwa ni ruhusa: avrdude inakiona kifaa lakini inakataliwa kukigusa, mpaka uandike kanuni ya udev (faili la kutoa ruhusa kwa vifaa) au utumie sudo.

Hapa kuna jambo linalowafanya wengi waitupe USBasp nzima wakidhani imekufa. ATmega328P mpya kutoka kiwandani hutembea kwa megahezi 1, kwa sababu saa yake ya ndani ya megahezi 8 hugawanywa kwa 8. Mstari wa saa wa ISP, njia ambayo USBasp huitumia kuandikia chipu, lazima uwe chini ya robo ya hapo, yaani chini ya kilohezi 250. USBasp kwa kawaida hupiga kilohezi 375. Matokeo yake chipu nzima, waya sawa, umeme sawa, na avrdude inasema haipati jibu. Tiba ni kuipunguza kasi:

avrdude -c usbasp -p m328p -B 10 -U flash:w:pampu.hex:i

Ikisoma saini ya chipu, 1E 95 0F, mmeelewana. Nakala zenye programu ya zamani ndani hutoa onyo kwamba haziwezi kubadili kasi ya SCK, yaani ule mstari wa saa. Onyo hilo peke yake halizuii kazi, ila lina maana kwamba -B haifanyi kitu, na itabidi uunganishe jampa ya mwendo wa pole, JP3 kwenye mchoro wa asili, ambayo huishusha mpaka kilohezi 8. Kwenye nakala nyingi jampa hiyo haina pini, ni matundu mawili tu yanayosubiri risasi ya kulehemu.

La mwisho kuhusu USBasp ni volti. Jampa ya 5V na 3.3V kwenye nakala nyingi hubadilisha tu umeme unaokwenda kwenye bodi. Mistari ya data hubaki volti 5 kwa sababu chipu ya ndani ya kifaa inalishwa 5. Bodi yenye kadi ya SD au redio ya nRF24 kwenye mistari hiyohiyo ya SPI itaumia. Vitoe kwanza, au tumia kifaa kingine.

Arduino Uno iliyogeuzwa kuwa kifaa cha ISP ni njia ya akiba, na kwa sababu karibu kila mtu ana Uno kabatini, ni akiba nzuri. Pakia mfano wa ArduinoISP, weka kapasita ya maikrofaradi 10 kati ya RESET na GND ya hiyo Uno inayotumika kuandikia ili isijiwashe upya kila kompyuta inapofungua mlango wa seria, kisha itumie kwa -c stk500v1 na -b 19200. Ni ya polepole. Lakini avrdude na Arduino IDE zote zinaikubali, na hakuna draiva ya ajabu.

Atmel-ICE ni bora kuliko zote hizi na bei yake inasema hivyo. Inaongea lugha za ISP, UPDI, JTAG na debugWIRE, inakubaliwa na avrdude, Microchip Studio na MPLAB X, na kwa upande wa ARM hata OpenOCD inaiona. Ukirithishwa, ichukue haraka. Kuinunua kwa pesa yako kwa ajili ya kutengeneza vidhibiti vya pampu na taa za sola za hoteli za Shela, sioni faida. Na kama umezoea Microchip Studio, jua kwamba USBasp haimo kwenye orodha yake. Utailazimisha kwa kuita avrdude kutoka menyu ya zana za nje, na hapo afadhali ungetumia avrdude tangu mwanzo.

Chipu mpya za AVR, kama ATtiny1614 au ATtiny412, hazina ISP tena. Zina waya mmoja tu uitwao UPDI, na USBasp ya kawaida haiwezi kuzigusa. Wengi huona hapo ni lazima kununua kifaa kipya, kumbe ile adapta ya seria niliyoitaja mwanzo inatosha: RX iende moja kwa moja kwenye pini ya UPDI, TX ifike hapohapo kupitia rezista ya kilo-omu 1, na GND kwa GND. Kisha:

avrdude -c serialupdi -p t1614 -P /dev/ttyUSB0 -U flash:w:taa.hex:i

Kwa thamani ya pesa sijaona kinachoshinda hiki. Adapta ileile kesho itaandikia ESP32, keshokutwa STM32.

ARM

Huku mambo ni tofauti: programu ni nyingi, na kila moja ina wapenzi wake. Nazilinganisha nne ninazoziona zikitumika, dhidi ya vifaa vinne vinavyopatikana (CMSIS-DAP ni lugha ya wazi ya kuongea na chipu za ARM, FT232H ni adapta ya USB):

| Kifaa | OpenOCD | pyOCD | st-flash | STM32CubeProgrammer |
|---|---|---|---|---|
| ST-Link V2 | ndiyo | ndiyo | ndiyo | ndiyo |
| Pico yenye CMSIS-DAP | ndiyo | ndiyo | hapana | hapana |
| FT232H | ndiyo | hapana | hapana | hapana |
| Adapta ya seria | hapana | hapana | hapana | ndiyo |

Ukisoma jedwali kwa haraka utasema ST-Link imeshinda, na utashangaa kwa nini naitanguliza Pico. Jedwali linaonyesha nani anamkubali nani. Halionyeshi kilichomo ndani ya kile kifaa kidogo cha ganda la alumini unachouziwa kwa jina la ST-Link. Kwanza, mpangilio wa pini hutofautiana kati ya kimoja na kingine; soma kilichochapwa kwenye ganda lako, usifuate picha ya mtu. Pili, pini iliyoandikwa RST kwenye vingi ni ya chipu za STM8 tu, haivuti reset ya STM32. Hili la pili ndilo linalouma.

Kijana mmoja wa Matondoni alinijia na Blue Pill, ile bodi ya buluu ya STM32F103C8T6. Aliiandikia mara ya kwanza bila shida, mara ya pili ikakataa. «Fundi, hii imekufa?» Haikuwa imekufa. Mradi wake aliutengeneza kwa CubeMX, programu ya ST ya kupangia pini, na akaacha sehemu ya debagi bila kuchagua kitu, kwa hivyo programu yake ikiwaka tu inazima pini PA13 na PA14, ambazo ndizo kifaa kinazitumia kuongea na chipu. Dawa yake ni kuunganisha huku chipu ikiwa imeshikwa kwenye reset, lakini ST-Link yake haikuwa na waya wa kuishika. Tukahamisha jampa ya BOOT0 kwenda 1, tukabonyeza kitufe cha reset, chipu ikaamka kwenye butiloda yake ya kiwandani (programu ndogo ya kupokelea nyingine) badala ya programu ya yule kijana. Hapo st-flash erase ikapita. BOOT0 ikarudi 0, akaenda kuchagua Serial Wire kwenye mradi wake.

Pico nayo ilitoka Januari 2021 kwa dola 4 za Marekani. Ukishikilia kitufe cha BOOTSEL huku ukiichomeka, inaonekana kama flashi. Buruta faili la debugprobe lenye mwisho wa uf2, ukiacha tu imegeuka kuwa kifaa cha CMSIS-DAP. GP2 ndiyo SWCLK (saa), GP3 ndiyo SWDIO (data), na juu ya hayo GP4 na GP5 zinakupa mlango wa seria wa kusomea ujumbe wa bodi yako. Hakuna nakala ya kubahatisha: programu inatoka Raspberry Pi wenyewe, na siku ukiichoka unaifuta na kuirudisha kuwa Pico ya kawaida. Asiyetaka kuhangaika anaweza kununua Debug Probe yao iliyotoka 2023, ni kitu kilekile kwenye ganda. Ikumbuke volti tu: ni 3.3, usiiguse na mistari ya volti 5.

Sasa programu zenyewe. OpenOCD ilianza kama kazi ya chuo ya Dominic Rath huko Augsburg, Ujerumani, na ndiyo yenye kukubali vifaa vingi kuliko zote. Unaipa mafaili mawili, moja la kifaa na moja la chipu:

openocd -f interface/cmsis-dap.cfg -f target/stm32f1x.cfg -c "program boti.elf verify reset exit"

Ukibadilisha kifaa, unabadilisha jina la faili la kwanza tu. Huo ndio utajiri wake. Umaskini wake ni ujumbe wa makosa, ambao unamtisha mgeni. Mmoja utauona mapema: kwamba namba ya utambulisho haikutarajiwa, imekuta 0x2ba01477 badala ya 0x1ba01477. Maana yake bodi yako si ya ST halisi, imewekewa chipu ya kampuni nyingine inayofanana. Ongeza -c "set CPUTAPID 0x2ba01477" kabla ya faili la chipu, na kazi itaendelea. STM32CubeIDE, programu ya ST ya kuandikia msimbo, kwa chipu za namna hiyo huweza kugoma.

pyOCD ni nyepesi kuisoma, inasakinishwa kwa pip, na ujumbe wake unaeleweka. Tahadhari moja kwa tuliopo kisiwani: chipu nyingi hazimo ndani yake mpaka ushushe kifurushi, kwa mfano pyocd pack install stm32f103c8, na mara ya kwanza hushusha orodha ndefu. Fanya hivyo ukiwa na waifai ya mtu, si bando lako. Ikishashuka, inafanya kazi bila mtandao.

st-flash ni ya ST-Link pekee, haina makuu: st-flash write boti.bin 0x8000000, imekwisha. STM32CubeProgrammer ni ya ST wenyewe, ina dirisha zuri, inakuonyesha kumbukumbu ya chipu na baiti za hiari waziwazi kuliko nyingine zote, na inaweza kuandika kwa seria au USB bila kifaa maalumu. Lakini ni mamia ya megabaiti, na kabla ya kuishusha watakudai barua pepe. Ninayo, naitumia pale tu chipu imefungwa ulinzi wa kusomwa. Anayetaka njia ya seria bila mzigo huo atumie stm32flash, pini PA9 na PA10, BOOT0 kwenye 1. Kwa F103 usihangaike kutafuta DFU, yaani njia ya kuandika kwa USB, kwenye butiloda ya kiwandani, haimo. Iko kwenye jamii ya F4.

J-Link ya SEGGER ni ya haraka ajabu, na OpenOCD na pyOCD zinaikubali. Toleo la EDU la bei nafuu leseni yake hairuhusu kazi ya biashara, kwa hivyo fundi anayemlipisha mteja hana haki nalo. Nakala za bandia, programu ya SEGGER huzigundua na kukuandikia kuwa kifaa ni kibovu. Pita.

ESP32

Hapa kuna programu moja tu ya maana, esptool ya Espressif, na haijali adapta: CH340, CP2102, FTDI, zote sawa. Bodi nyingi zina adapta tayari juu yake. Ikikwama kwenye nukta na vistari ikisubiri, shikilia kitufe cha BOOT mpaka ianze kuandika. Kama inakusumbua kila mara, lehemu kapasita ya maikrofaradi 1 hadi 10 kati ya EN na GND. Wenye Ubuntu 22.04 ambao CH340 inaonekana kisha inatoweka, mwizi ni brltty, programu ya vifaa vya maandishi ya wasioona, inayodhani adapta yako ni yake. Kama huitumii, iondoe.

PIC

Kwa ufupi, kwa sababu uchaguzi hauko mikononi mwako. MPLAB X ndiyo programu, ni nzito, na matoleo yake mapya yameacha kuikubali PICkit 3. Wauzaji bado wana nakala zake tele. Ukiwa nayo tayari, hifadhi kisakinishi cha toleo la zamani kwenye diski ya nje na usikubali kusasisha. PICkit 2 ya zamani zaidi, kwa kichekesho, bado inaishi vizuri kwa pk2cmd kwa chipu za 16F za miaka ile. Anayenunua leo anunue PICkit 4 au 5. Snap ni rahisi zaidi, lakini haitoi volti ya juu, kwa hivyo chipu kama PIC16F84A, inayodai volti kumi na mbili na ushei, haitaiandika kamwe.

TL866 na CH341A

Hivi ni vya kusoma na kuandika chipu zilizotolewa kwenye bodi: EEPROM za friji, kumbukumbu za SPI za televisheni na dekoda. TL866II Plus na T48 hutumia programu ya Xgpro kwenye Windows. Kwenye Linux kuna minipro, ambayo bado inaikubali hata TL866A ya zamani ambayo Xgpro imeitupa. Kwa duka la matengenezo pale Langoni, TL866 ina kazi ya kila wiki.

CH341A ni ya bei ya chini kabisa na programu ya flashrom inaijua kwa jina la ch341a_spi. Hata avrdude inaiorodhesha kama kifaa cha ISP, ila maelezo yake kwenye avrdude.conf yanasema wazi kwamba AVR lazima iwe inatembea kwa angalau megahezi 6.8. ATmega mpya ya megahezi 1 haitajibu, na hapa hakuna -B ya kukuokoa. Ile bodi nyeusi inayouzwa sana ina tatizo jingine: VCC inatoa 3.3 lakini mistari ya data hutoka na volti 5. Weka mita kwenye pini za data kabla ya kubana klipu juu ya chipu ya mteja.